Mazoezini Wanang'aa, Mechini Wanapotea: Makocha Wanauliza, Mwalimu Anajibu

Toleo hili barua nyingi zimetoka kwa makocha wenyewe, na ukiwaacha wale waliotaka tuwatafutie timu (jamani hatuna), karibu wote wanazunguka palepale: kocha anajifunzia wapi namna ya kumsaidia mchezaji ufundi wake ukue. Barua nyingine zilikuwa ndefu mno tumezipunguza, na majina tumeyaficha kama kawaida.

Habari Mwalimu. Nimemaliza kozi ya leseni ya ngazi ya chini, nina daftari limejaa mazoezi na nayafuata kama nilivyofundishwa. Vijana wangu wa miaka 14 na 15 mazoezini pasi zinatembea, koni wanazizunguka bila kugusa hata moja, ukija Jumanne utasema hii ni akademi kubwa. Jumamosi wakiingia mechi ni kama sijawahi kuwafundisha kitu, mpira unawachoma miguuni. Ni woga tu au kuna ninapokosea?
*Kocha wa Jumamosi*

Kocha wangu, woga wa mechi upo ila usiusingizie kila kitu. Kinachokuponza ni kwamba unampima kijana siku ambayo hawezi kufeli. Jumanne umempanga mstari, pasi ileile, umbali uleule, mguu uleule, tena na tena, ikifika pasi ya ishirini lazima iwe nzuri maana jibu alishalipata kwenye pasi ya tatu, zilizobaki anakopi tu. Hicho ni kile anachoweza kufanya dakika ile. Kama amejifunza au hajajifunza utajua siku nyingine, sehemu nyingine, akiwa amechoka na mtu anamvuta jezi.

Na hii kitu sio ya jana. Mwaka 1979 John Shea na Robyn Morgan waliwafundisha watu mienendo mitatu ya haraka ya mkono, unaangusha vibao vidogo kwa mpangilio fulani. Kundi moja lilifanya mwendo wa kwanza mpaka likaumaliza ndo likaenda wa pili, jingine likachanganyiwa, mtu hajui kinachofuata ni kipi. Wakati wa mazoezi kundi la kwanza lilikuwa na kasi zaidi, yaani ungekuwa mwenyekiti wa klabu umesimama pembeni ungesema hawa ndo wenye kocha. Walipopimwa tena baada ya siku 10 mambo yakageuka, waliochanganyiwa ndo walikuwa wamebaki na kitu.

Utasema hayo ni ya maabara. Sawa, mwaka 1994 ikajaribiwa kwa wapigaji wa besiboli wa chuo huko Marekani. Waliongezewa vipindi viwili kwa wiki kwa wiki 6, kila kipindi wanarushiwa mipira 45 ya aina tatu tofauti, 15 kila aina. Wengine walimaliza aina moja ndo wakahamia nyingine, wengine ilikuja bila mpangilio. Mwishoni waliochanganyiwa walikuwa wameongeza mipigo safi kwa karibu asilimia 57, waliorudia aina moja moja karibu asilimia 25, na ambao hawakupewa cha ziada karibu asilimia 6. Idadi ya mipira ni ileile, aliyerusha hakufanya muujiza wowote, kilichobadilika ni mpangilio.

Sababu sio ngumu kuielewa ukiangalia kazi anayoifanya mchezaji kichwani. Kwenye mechi kabla mguu haujagusa mpira ameshajiuliza mtu wangu yuko wapi, huu mpira unakuja kwa kasi gani, nafasi iko upande gani. Kwenye koni hamna swali lolote, koni haitoi mguu, haikimbii, haijifanyi inaenda kulia. Kwa hiyo umemfundisha nusu ya mwisho ya ufundi, ile ya kutekeleza, na nusu ya kwanza ya kuona na kuamua anakutana nayo Jumamosi kwa mara ya kwanza.

Tuchukue kitu kimoja, kupokea pasi. Zoezi lako nahisi ni lile la wawili wawili, meta kumi, wanatazamana, pasi pasi pasi. Hebu wavuruge. Weka eneo dogo, wanne wenye mpira dhidi ya wawili, halafu weka vigoli viwili vidogo pande mbili zinazotazamana na timu yenye mpira inaruhusiwa kufunga popote. Sasa angalia anachofanya mpokeaji. Akiupokea kwa mguu ulio karibu na mpira mwili unabaki umefungwa, anaona goli moja tu, lile jingine liko mgongoni na wapinzani wanalijua hilo kabla yake. Akiuacha upite kidogo mpaka mguu wa mbali kiuno kinafunguka anaona yote mawili. We usimwambie tumia mguu wa mbali. Mwache afungwe njia mara kadhaa, halafu msimamishe umuulize tu, goli la nyuma ulikuwa unalijua? Utashangaa wiki inayofuata anageuza shingo kabla pasi haijatoka.

Tahadhari mbili hapa. Mtoto ambaye ndo kwanza anagusa mpira usimrushe kwenye vurugu siku ya kwanza, kurudia rudia kunamsaidia kushika umbo la tendo, ila ukiona ameshaanza kuliweza, toka hapo haraka, makocha wengi tunanogewa tunakaa hapo miezi. Ya pili, mazoezi yako yataanza kuonekana mabaya. Mipira itapotea, wazazi watanung'unika, kiongozi atauliza mbona timu imeshuka. Hapo ndo kocha anahitaji moyo. Kipimo chako kiwe hiki, Alhamisi anza na kitu cha Jumanne bila kukumbusha chochote, kaa kimya dakika kumi, uangalie kimebaki nini.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni msaidizi kwenye timu ya netiboli ya wasichana. Kocha mkuu ni dada ninayemheshimu sana na anaujua mchezo, shida anaongea kuanzia filimbi ya kwanza mpaka ya mwisho. "Kunja goti! Kiwiko! Shingo! Mkono juu!" Sasa hivi wasichana kabla hawajarusha wanamwangalia yeye kwanza. Nimwambieje bila kumvunjia heshima? Au ni mimi ndo sielewi?
*Msaidizi Mkimya*

Marahaba mwanangu. Unaelewa vizuri tu, tena hicho ulichokiona cha wasichana kumwangalia kocha kabla ya kurusha ndo dalili yenyewe. Watafiti wa mambo ya kujifunza mienendo walishaandika tangu 1984 kwamba mrejesho ukija kila mara mchezaji anauegemea, anaacha kusikiliza mwili wake mwenyewe, ukiondolewa anayumba. Na kwenye mechi unaondolewa, maana nani anakusikia na kelele zile.

Ila sio kuongea kote ni kubaya, tusije tukahamia upande wa pili tukasema kocha bora ni bubu. Msimu wa 1974 hadi 1975 wanasaikolojia wawili, Roland Tharp na Ronald Gallimore, walikaa pembeni ya mazoezi ya John Wooden, yule kocha wa mpira wa kikapu wa chuo cha UCLA aliyechukua ubingwa wa vyuo Marekani mara 10. Wakahesabu kila alichokifanya, vitendo 2,326. Nusu nzima yalikuwa maelekezo ya wazi, fanya hivi, namna hii, wakati huu. Sifa tupu hazikufika asilimia 7, na kukaripia hivyohivyo. Na alikuwa anaongea kwa vipande vifupi sana. Mchezaji akikosea alikuwa anaonyesha inavyotakiwa, kisha anaigiza alivyokosea, kisha anaonyesha tena inavyotakiwa, yote hayo ndani ya sekunde chache na mazoezi yanaendelea. Watu wanasahau kwamba kabla ya hapo alikuwa ameshakaa asubuhi na wasaidizi wake kupanga dakika kwa dakika, ndo maana alikuwa anajua cha kusema. Mwingi wa maneno uwanjani mara nyingi hakupanga nyumbani.

Kuna na la pili, maneno yenyewe yanaelekeza akili wapi. "Kunja goti, kiwiko" yote hayo yanampeleka msichana ndani ya mwili wake. Gabriele Wulf na wenzake wamelifuatilia jambo hili miaka mingi. Mwaka 1999 waliwachukua watu wasiojua gofu, nusu wakaambiwa wawaze jinsi mikono inavyokwenda, nusu wawaze jinsi fimbo inavyobembea, na wa fimbo walilenga vizuri zaidi, mazoezini na hata walipopimwa baadaye. Limerudiwa kwenye michezo mingi. Kwa shuta wenu jaribuni "mpira uingie ukitokea juu, usikwaruze ringi ya mbele" badala ya kiwiko. Akitaka mpira ushuke kutoka juu, goti litajikunja lenyewe na kiwiko kitajipanga, sio kila mtu kwa namna ileile lakini kitajipanga.

Sasa kumwambia. Usimwambie. Miaka ya 1970 Ronald Smith na Frank Smoll walichunguza makocha wa besiboli ya watoto wakakuta kocha hajui anachokifanya yeye mwenyewe, watoto ndo walikuwa wanaeleza tabia yake kwa usahihi zaidi. Kwa hiyo maneno yako hayatasaidia sana, atakuona umekosa adabu na moyoni anaamini kabisa anaongea kidogo. We anza na wewe. Mwombe, "dada, wiki hii nikisimamia kipindi cha pasi naomba unirekodi sauti kwenye simu, nataka kujisikia." Mkae msikilize pamoja, mhesabu umesema mangapi, mangapi yalikuwa na maana na mangapi yalikuwa kelele tu za kujipa moyo. Nakuhakikishia hata kabla hamjamaliza atasema na mimi nirekodi. Asiposema wiki hiyo rudia wiki nyingine.

Mwalimu habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa hisabati, nimekabidhiwa timu ya voliboli ya shule kwa sababu tu nina filimbi. Sijawahi kucheza. Wanafunzi wananisikiliza kwa heshima ila najiona tapeli. Niikatae?
*Mwenye Filimbi*

Usiikatae. Arrigo Sacchi hakuwahi kuwa mchezaji wa kulipwa, alikuwa anauza viatu, akaja kuipa AC Milan Kombe la Ulaya 1989 na 1990. Mourinho alianza kama mkalimani wa kocha Bobby Robson huko Ureno mwaka 1992, miaka kadhaa yuko pembeni ya mzee anatafsiri, anaangalia, anaandika ripoti za wapinzani. Na yule Brother Colm O'Connell aliyemlea mkimbiaji David Rudisha, alikwenda Iten, Kenya, mwaka 1976 kufundisha jiografia, hakuwa na mafunzo ya ukocha wa riadha, alijifunza kwa kuwaangalia wakimbiaji wenyewe. Sitaki kukudanganya kwamba kila mwalimu wa hesabu atafika huko, nachosema ni kwamba kucheza na kufundisha ni kazi mbili, na aliyecheza vizuri sana mara nyingi anashindwa kueleza maana vitu vimeshajificha mwilini, hajui tena anafanyaje.

Unachokikosa wewe ni jicho. Na jicho linatengenezwa. Mechi yoyote unayoangalia acha kuufuata mpira, chagua mtu mmoja, mfano libero (yule mlinzi wa nyuma mwenye jezi ya rangi tofauti), mfuate seti nzima hata mpira ukiwa upande wa pili. Andika anasimama wapi kabla mpinzani hajasevu, miguu yake inaanza kusogea lini. Utagundua waliobobea wanaanza kusogea mapema kwa kusoma bega na mkono wa anayesevu, na hapo umeshapata kitu cha kuwafundisha watoto wako bila wewe kupiga mpira hata mmoja. Kuonyesha kwa vitendo mwachie mwanafunzi anayeweza, au anayekaribia kuweza, maana kumwona mwenzako akihangaika na kurekebisha nako kunafundisha. Halafu tafuta kocha mmoja mzoefu wa voliboli ukakae kwenye benchi lake siku za mazoezi, ubebe mipira, usiulize sana mwanzoni.

Mwalimu, mwanangu wa miaka 9 anacheza mpira kwenye kituo fulani. Kocha mpya kila siku anawagawa timu ndogondogo wanacheza tu, wanacheka, basi. Yule wa zamani walikuwa wanajipanga mistari, mtu unaona mtoto anafundishwa. Huyu analipwa kwa kazi gani?
*Mama Winga*

Mama yangu, inawezekana umempata kocha mzuri na inawezekana umempata mvivu, ukiwa pembeni wanafanana kweli. Ngoja nikupe namna ya kuwatofautisha.

Mwaka 1982 David Bunker na Rod Thorpe wa Loughborough, Uingereza, walisema kitu ambacho kiliwaudhi watu wengi, kwamba tunawafundisha watoto mbinu moja moja wiki nzima halafu mchezo wenyewe tunawapa dakika tano za mwisho kama zawadi, matokeo yake wanaweza kupiga ila hawajui lini na kwa nini. Wao wakasema anza na mchezo, ulioufupisha na kuubadilisha ili umwelekeze mtoto kwenye kitu unachotaka akione, ufundi utaletwa pale mtoto mwenyewe anapouhitaji. Kwa watoto wa umri wa wako hilo ni zuri sana. Kuna jaribio dogo la 1978 nalipenda, watoto wa miaka 8 wanarusha vifuko vya maharage kwenye shabaha bila kuangalia, kundi moja linafanyia mazoezi umbali wa futi 3 tu, jingine futi 2 na futi 4. Siku ya mtihani wote wakapimwa kwa futi 3, na walioshinda ni wale ambao hawakuwahi kurusha kutoka futi 3.

Sasa mwangalie huyo kocha. Je anabadilisha sheria katikati? Leo goli halihesabiwi mpaka wote mmegusa, kesho uwanja ni mrefu na mwembamba, keshokutwa ukipoteza mpira una sekunde chache za kuurudisha. Je timu moja ikizidiwa anafanya kitu, anaongeza mtu, anasogeza goli? Je kuna wakati anamwita mtoto mmoja pembeni anamuuliza kitu kifupi anamrudisha? Kama ndiyo, mama huyo anafanya kazi ngumu kuliko yule wa mistari. Kama amekaa kivulini na simu na watoto wanacheza uwanja uleule, idadi ileile, mwezi mzima, basi anawalinda tu wasipotee, kamuulize. Muulize vizuri lakini, "leo ulitaka wajifunze nini?" Mwenye mpango anajibu hapohapo.

Na kucheka usikudharau. Makocha waliopewa mafunzo na Smith na Smoll ya namna ya kuongea na watoto, kutia moyo, kurekebisha bila kudhalilisha, msimu uliofuata waliacha mchezo watoto asilimia 5 tu, kwa makocha wasiofundishwa waliacha asilimia 26. Aliyeacha humfundishi chochote.

Kwenye semina tuliambiwa tuwapime wachezaji kwa fomu nani anajifunza kwa kuona, nani kwa kusikia, nani kwa kutenda, halafu kila mmoja tumfundishe kwa njia yake. Nina wachezaji 22, nafanyaje?
*Kocha Fomu 22*

Tupa fomu. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake waliupitia utafiti wa jambo hili lote na hawakukuta ushahidi wa maana kwamba ukimfundisha mtu kwa hiyo "njia yake" anajifunza zaidi. Watu wana wanachokipenda, hilo kweli, lakini kupenda kuangalia video hakumfanyi mtu ajifunze kuruka kihunzi kwa kuangalia video. Onyesha, sema kidogo, wafanye, kwa wote. Tofauti za kuzishughulikia ni nyingine kabisa, nani ameanza jana na nani ana miaka mitano, nani amerefuka ghafla miguu haimtii, nani anatoka majeruhi. Inauma kwamba semina bado zinauza hiki kitu.

Ndugu Mhariri, nimefundisha ngumi na baadaye riadha zaidi ya miaka 20. Siku hizi wanakuja vijana na makaratasi wanatuambia mambo ya utafiti. Mimi namwona mchezaji akirusha mkuki mara moja tu nishajua kosa liko wapi. Namna sahihi ni moja na uzoefu hauna mbadala. Mnawapotosha vijana.
*Mzee wa Kazi*

Shikamoo mzee wangu. Kwanza asante kwa kuandika, maana wazee wengi wanatununia kimyakimya.

Uzoefu nakubaliana nawe, na hata hao wa makaratasi wanakubali. Wade Gilbert na Pierre Trudel waliwafuatilia makocha 6 wa vijana nchini Kanada waliosifiwa kwa kazi yao, wakakuta kweli walikuwa wanajifunza zaidi kazini. Ila walikuwa wana tabia moja, wanakutana na tatizo, wanalikalia, wanamuuliza mwenzao, wanajaribu kitu, halafu wanarudi kuangalia kama kimesaidia. Hapo pa kurudi kuangalia ndo wengi tunaparuka. Mtu anaweza kuwa na miaka 20 kazini na mingi ikawa ni ule wa kwanza unajirudia, sikusemi wewe mzee wangu, nasema inatokea.

Na hilo la kuona kosa mara moja, hapo ndo naomba unisikilize. Ian Franks na mwenzake mwaka 1986 waliwapima makocha kwa kukumbuka mambo muhimu ya mechi ya mpira waliyotoka kuiangalia, walipata chini ya nusu. Baadaye, 1993, akawapima makocha wa jimnastiki, na wazoefu hawakuwapita wasio na uzoefu kwa kugundua tofauti kati ya tendo moja na jingine, walichowazidi ni kuona tofauti hata pale ambapo hazikuwepo, na wakawa na uhakika nazo. Sio kwamba macho ni mabovu. Uzoefu unakupa matarajio, na matarajio yanajaza pale jicho halikuona. Simu ya kawaida inatibu hili, rekodi mirusho sita, sema kosa kabla hujaitazama, kisha itazame polepole na mchezaji akiwa hapo.

Hili la namna sahihi kuwa moja nakuletea mhunzi. Miaka ya 1920 huko Moscow Nikolai Bernstein aliwapiga picha za mwendo mafundi wenye uzoefu mkubwa wakigonga patasi kwa nyundo. Nyundo ilikuwa inafika palepale kila mara, lakini bega, kiwiko na kifundo cha mkono havikurudia njia ileile hata kidogo, kimoja kikizidi kingine kinafidia. Fundi hakuwa anarudia mwendo, alikuwa anatatua tatizo lilelile upya kila pigo. Ndo maana warusha mkuki wawili wakubwa unaweza kuwakuta hawafanani kabisa mpaka ile sehemu ya mwisho ya kuachia. Kuna vitu havina mjadala, mguu wa mbele usipozuia mkuki hauendi, bega likibebeshwa vibaya linaumia, hayo yashike kwa nguvu zote. Mengine mwachie kijana mwili wake. Na mzee wangu, wachukue hao wa makaratasi wakae na wewe mazoezini, wao hawana jicho lako.

Mwalimu ni kweli mchezaji anahitaji saa 10,000? Nimepiga hesabu vijana wangu watafika wakiwa na miaka 31.
*Mpiga Hesabu*

Hapana, pumzika. Namba hiyo ilitoka kwenye utafiti wa Anders Ericsson na wenzake wa 1993 kwa wapiga fidla huko Berlin, ilikuwa wastani wa makadirio ya waliokuwa bora walipofika miaka 20, maana yake wengi wao walikuwa hata hawajazifikisha. Kitabu cha Malcolm Gladwell cha 2008 ndo kikaisambaza kama sheria na Ericsson mwenyewe akalalamika. Alichokuwa anakisisitiza ni aina ya mazoezi, yenye lengo, yaliyo juu kidogo ya uwezo wa mtu, na mwalimu anayerekebisha. Ukiwa na saa mbili na mpira mmoja kwa watu 20, sehemu kubwa ya saa hizo ni foleni. Hesabu muda kila mtoto anaougusa mpira kwanza.

Mimi niko mbali, kozi haziji huku na sina wa kunifundisha. Nimebaki na video za mazoezi mtandaoni, nazihifadhi kibao. Naanzia wapi kujifunza kweli?
*Kocha wa Mbali*

Video punguza. Zoezi la mtu mwingine limejibu tatizo la wachezaji wake, wewe hukuliona tatizo, umeona jibu tu. Ukiikuta video nzuri jiulize hapa mchezaji analazimika kuona nini na kuamua nini, ukikosa jibu ipite hata kama koni zimepangwa vizuri.

Halafu nunua daftari. Kabla ya mazoezi andika sentensi moja ya kitu unachotaka kibadilike na nani hasa, usiandike "kuboresha pasi", andika "kiungo wangu namba nane aangalie nyuma kabla hajapokea". Andika pia unachotabiri kitatokea. Ukirudi nyumbani andika kilichotokea, bila kujitetea. Baada ya wiki kadhaa utaanza kuona unatabiri vibaya wapi, na hapo ndo pa kwenda kusoma au kuuliza, sio kila mahali kwa wakati mmoja.

Mtafute na kocha mwingine mmoja, wa mchezo wowote, hata kama ni wa karate na wewe ni wa mpira wa mikono, kwa kweli wa mchezo mwingine ni bora zaidi maana hajui mchezo wako kwa hiyo atawaangalia watu. Mtembeleane. Kabla hajaja mpe swali moja tu la kuangalia, mfano nani hajaguswa na neno langu leo, au mchezaji anasubiri muda gani kati ya zamu na zamu. Aandike alichoona, sio alichofikiria, akuachie karatasi. Akiandika kitu kikakuuma usimjibu siku hiyo, subiri mpaka umalize mazoezi yanayofuata ndo umpigie.